Kiondo Kilichobaki Cologne

Hadi leo simkabidhi mtu kiondo kabla sijaingiza mkono mpaka chini na kukipapasa kitako chote. Wanangu, waliozaliwa hapa hapa Birmingham, hunicheka. Nikiwasemesha kwa Kiswahili wananielewa vizuri tu, lakini majibu yanarudi kwa Kiingereza: "Mum, it's empty!" Mimi naendelea kupapasa. Wao hawakuwepo Cologne asubuhi ile ya Jumapili.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa tatu, katika hospitali moja ya mjini, nikiishi kwenye bweni la wauguzi, chumba chenye kitanda kimoja, beseni, na dirisha lililogoma kufunguka. Mtihani wangu wa mwisho ulikuwa Jumatano, mara tu baada ya mapumziko ya mwisho wa Mei. Kwenye pasipoti yangu kulikuwa na muhuri wa kuniruhusu kukaa Uingereza mpaka nimalize masomo, na muhuri huo ulikuwa unaisha kiangazi hicho hicho. Nikiukosa mtihani ule, ningengoja mwingine miezi kadhaa, na miezi hiyo sikuwa nayo. Ningerudi Nyeri bila cheti, baada ya miaka mitatu ya kubeba mikojo ya watu na kutukanwa na wagonjwa ambao nusu saa baadaye walitaka niwashike mkono.

Sasa, mtu mwenye akili zake anafuata nini Ujerumani siku chache kabla ya mtihani kama huo? Swali zuri. Jibu lake ni rafiki yangu.

Alikuwa Mhindi wa Nakuru, karani katika ofisi ya mafaili ya wagonjwa, amenizidi miaka kumi hivi. Tulijuana kwenye foleni ya chakula hospitalini, siku niliyojisemea kwa Kiswahili kwamba ile supu ni maji ya kusuuzia vyombo, na sauti nyuma yangu ikajibu, "Pole, sista. Ya jana ilikuwa mbaya zaidi." Niligeuka nikamwona mwanamke aliyevaa sari, na juu ya sari sweta ya kijivu ya mwanamume. Nusura nimkumbatie. Tangu siku hiyo nilimwita dada, naye akaniita sista, ingawa bado sikuwa na cheti cha kunifanya sista wa mtu yeyote. Yeye na mumewe walikuja mbio mwaka wa sitini na nane, kabla Uingereza haijawafungia mlango Wahindi wa Kenya, na mumewe akapata kazi kwenye kiwanda cha magari huko Longbridge.

Klabu ya wafanyakazi wa hospitali iliandaa safari ya basi kwenda Cologne: kuondoka Alhamisi, kuvuka bahari kwa meli, kutembea mjini Jumamosi, kurudi Jumapili. Dada alikuja bwenini na tikiti mbili mkononi.

"Mzee amenyimwa leave," alisema. "Wewe ndio unakuja."

"Dada, nina mtihani."

"Mtihani ni Wednesday. Monday uko Birmingham, umeoga, umelala. Hicho kichwa kimejaa, sista, hakiingizi kitu tena. Jana umeniita daktari. Twende tukakipe hewa."

Nilikuwa kweli nimemwita daktari. Nikaenda kwa metroni, mkuu wa wauguzi, kuomba ruhusa. Alitia sahihi bila kuniangalia, kisha akaniangalia. "Jumanne, saa moja asubuhi, wodini," alisema. "Si saa moja na dakika tano."

Katika wodi yetu alikuwepo bibi mmoja wa Kingstanding, mtaa wa hapa Birmingham, amevunjika nyonga. Alizaliwa Cologne, akaolewa na askari wa Kiingereza baada ya vita na kuhamia kwa mumewe, ambaye sasa alikuwa marehemu. Asubuhi niliyomwambia ninakwenda mjini kwao, nilimwogesha kuanzia shingo mpaka nyayo. Nilipokuwa namfunika shuka ndipo akasema, "Nina dada huko."

Walikuwa hawajaonana zaidi ya miaka ishirini. Kaka yao alikufa vitani, na yule dada hakuweza kumsamehe mdogo wake kuolewa na mtu aliyevaa sare ya upande wa pili. Kila Krismasi walitumiana kadi yenye mistari miwili, wakajihesabu wametimiza. Kabla sijasafiri, bibi alimtuma jirani yake alete keki ya matunda ndani ya mkebe, akaniandikia anwani kwenye karatasi.

"Mpe tu," alisema. "Usimwambie nimevunjika."

"Nimwambie nini basi?"

"Mpe keki."

Kwetu, mkono mtupu haulambwi. Keki ilikuwa ya bibi, si yangu, kwa hiyo niliongeza pakiti mbili za majani ya chai alizoniletea mama kupitia mtu, nikavitia vyote ndani ya kiondo changu. Kiondo hicho mama alikisuka mwenyewe kwa mkonge, chenye mistari ya zambarau na mikanda ya ngozi, na tangu nitoke nyumbani nilikibeba kila mahali, hata darasani.

Hapa lazima nieleze desturi, maana bila hiyo nitaonekana mjinga kuliko nilivyokuwa. Kwetu, mgeni akifika, mwenyeji humpokea kiondo mlangoni, hukipeleka jikoni na kutoa vilivyomo. Mgeni anapoaga, anarudishiwa kiondo chake kikiwa na kitu ndani: viazi, ndizi, hata mayai mawili. Kiondo hakirudi kitupu. Na mgeni hakiulizii kamwe. Kukiulizia ni kama kusema, "Vipi, mbona bado hamjanitilia kitu?" Nikiwa na miaka saba niliuliza mbele ya watu kiondo chetu kiko wapi, na mama alinifinya sikio hapo hapo. Alinifinya mara moja tu, na ikanitosha.

Tulifika Cologne Ijumaa jioni, miguu imevimba. Mwenye hoteli alikusanya pasipoti zetu zote ili aandike majina, akatugawia Jumamosi wakati wa kifungua kinywa. Dada aliipokea ya kwake kwa mikono miwili, akageukia ukutani, akaitia kwenye kifuko cha kitambaa alichokibana kwa pini ndani ya sketi yake ya chini. Kifuko hicho aliingia nacho hata bafuni. Watu waliowahi kuhangaikia kijitabu hicho wanajua thamani yake. Mimi mkanda wa mkoba wangu ulikuwa umekatikia melini, na gauni langu halikuwa na mfuko. Niliifunga pasipoti ndani ya hankachifu, nikaisukuma chini kabisa ya kiondo, chini ya keki na chai, kama mama alivyoficha hela chini ya maharagwe akienda sokoni. "Mwizi ataanza na maharagwe," mama alizoea kusema.

Asubuhi ile ilikuwa nzuri, nisiwe mwizi wa fadhila. Tulitembea kando ya mto Rhine tukatazama majahazi marefu ya makaa ya mawe, kwenye sitaha mojawapo mtu ameanika nepi za mtoto. Tulisimama kwenye daraja la chuma, treni zikapita na daraja zima likatetemeka chini ya viatu vyetu, dada akinishika mkono na kucheka kama msichana. Kanisa kuu lilikuwa jeusi tii, limechomoza pembeni mwa stesheni. Kuacha kanisa, mji karibu wote ulikuwa mpya, maghorofa ya saruji kila upande, kwa sababu wa zamani ulibomolewa na mabomu. "Tumevuka bahari kuja kuangalia Newtown," dada alisema, yaani ule mtaa wa maghorofa wa Birmingham. Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Mifupa ya mtihani na majina yake ilikuwa imenitoka kichwani kabisa, na nikakiri moyoni kwamba dada alisema kweli.

Saa tisa alasiri tulipanda tramu hadi kwa dada yake bibi. Alikaa ghorofa ya tatu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye aproni iliyopigwa pasi, na kwa kuwa bibi alikwisha mwandikia kadi kwamba tunakuja, alifungua mlango kabla hatujabisha mara ya pili. Kiingereza chake alikipata baada ya vita kwa kufua nguo za askari wa Kiingereza, kwa hiyo kilikuwa na maneno ambayo metroni wetu asingeyavumilia. Aliyatamka kwa upole mkubwa, akidhani ndivyo watu wasemavyo.

Nilimpa kiondo mlangoni, kwa mikono miwili, kama nilivyofunzwa. Wala sikufikiri. Alikipokea kwa mikono miwili vilevile, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye mistari ya zambarau. "Kizuri," alisema. "Kizuri sana." Akaenda nacho jikoni, na mimi nikajisikia niko kwetu.

Tulikula keki ya plamu, tukanywa kahawa iliyonifanya nione nyota. Kikombe cha pili kilipokuwa kinamiminwa, nikakumbuka pasipoti. Sikushtuka. Nilijiambia kiondo kitarudi tukiaga, na pasipoti yangu itakuwa chini, juu yake labda kipande cha ile keki ya plamu. Nilichokuwa nakiwazia zaidi ni kwamba yule mama hakumuulizia mdogo wake hata mara moja. Aliuliza kuhusu mvua ya Birmingham. Aliuliza sari ina urefu wa mita ngapi. Alileta ule mkebe wa keki mezani, akaufungua, akainamia harufu yake kidogo, akaufunga, akauliza kama tunataka sukari zaidi.

Wakati wa kuaga ukafika. Alitusindikiza mpaka mlangoni, mikono mitupu. Nilichungulia jikoni. Kiondo changu kilikuwa kimetundikwa ukutani, kando ya saa, mahali ambapo alama ya vumbi ilionyesha kwamba palikuwa na kalenda.

"Nimekipatia mahali pazuri," alisema, akiwa amenifuata kwa macho. "Sijawahi kupewa kitu kama hiki na mtu."

Nikasema asante. Nikasema karibu. Nikasema, Mungu anisamehe, kwamba pale ukutani kinapendeza. Mlango ukafungwa.

Tulipofika ghorofa ya pili dada akasema, "Kile kiondo cha mama yako umempa? Una roho, sista. Mimi ningelia."

"Sikumpa. Amekipenda."

"Si neno, mama atasuka kingine."

"Dada, pasipoti yangu imo ndani."

Alikaa kwenye ngazi, sari na yote. Kisha akainuka haraka kuliko alivyokaa. "Panda juu. Panda sasa hivi."

"Nitasemaje? Ameondoa kalenda yake!"

"Sema 'passport yangu'. Maneno mawili."

"Nikisema hivyo atajua kiondo sikumpa. Atajua amejichukulia mwenyewe, na ameshukuru mbele ya watu. Atatazama wapi?"

"Atazame anakotaka! Wewe Monday utatazama wapi, kwa maafisa wa bandari Dover? Adabu yako hii itaku-deport, unasikia? Wataku-stamp kwenye paji la uso!"

Akaanza kupanda. Nikashika pindo la sari yake, nikamsihi. Nilimwambia yule mama ataiona mwenyewe akipangusa vumbi, hoteli yetu anaijua, basi letu anajua linaondoka saa tatu kamili kutoka kando ya kanisa kuu, kwa sababu aliuliza nikamwambia. Nilisema mengi. Ukweli ni kwamba sikio langu lilikuwa linaniuma pale pale aliponifinya mama, na nilikuwa mwoga.

"Sawa," dada alisema mwishowe, kwa hasira. "Asiposhuka hotelini leo, kesho saa moja asubuhi mimi na wewe tuko mlangoni kwake. Usiposema wewe, nitasema mimi, na mimi sina adabu."

Kabla ya kurudi hotelini tulipanda mnara wa kanisa kuu, kwa sababu dada alikwisha mwahidi mumewe kwamba atafika juu. Ngazi ni zaidi ya mia tano na zinazunguka mpaka kichwa kinazunguka nazo. Huko juu watalii walikuwa wakioneshana mto na madaraja. Mimi nilitafuta paa la nyumba moja, nikalipata, nikalitazama mpaka dada aliponivuta mkono. Nilikuwa na hofu, na hofu ilinigeuza kuwa mtu mbaya. Nilimkasirikia yule mama bila haki yoyote. Nilimkasirikia mama yangu, na bibi wa Kingstanding kwa kuvunjika nyonga. Dada nilimkasirikia kwa ajili ya tikiti, na kesho yake nilimwomba msamaha. Majuto ni mjukuu, lakini wangu alikuja mapema, nikiwa bado juu ya mnara.

Hakuna aliyekuja hotelini jioni ile. Sikusoma ukurasa hata mmoja wa daftari nililobeba.

Jumapili saa moja asubuhi tulibonyeza kengele ya yule mama. Kimya. Tukabonyeza tena. Nilikuwa nimejiandalia sentensi usiku kucha, fupi, yenye heshima, na sasa hapakuwa na wa kumwambia. Jirani wa chini alitoka na mbwa wake. Hakujua Kiingereza. Dada akaonyesha mlango wa juu, akainua mabega kuuliza. Jirani akakunja mkono wake, akaigiza kikapu kinachoning'inia, akanyoosha kidole kuelekea mjini.

"Kaenda sokoni," dada alisema.

"Jumapili? Hata mkate hawauzi leo."

Niliunganisha viganja kama anayesali, kuuliza kama kaenda kanisani. Jirani akatikisa kichwa ndiyo, kisha hapana, kisha mbwa akamvuta.

Tulingoja, kwa kuwa hatukujua la kufanya. Saa mbili ikapita, na yule mama hakurudi. Mwishowe dada alisema hata nikikosa safari, lazima nizungumze na kiongozi wa msafara kabla basi halijaondoka. Tramu za Jumapili zilikuwa za kuhesabu, tukaona tutachelewa kuzingoja, tukakaza mwendo kwa miguu. Dada alikuwa amepandisha sari mpaka kwenye mashavu ya miguu. Mimi nilikuwa natunga simu ya maandishi ya kumpelekea mama, kichwani, kwa maneno machache iwezekanavyo, na kila nikianza nililia. Nilijiona nikishuka Nairobi na sanduku lile lile nililoondoka nalo. Miaka mitatu yote ingeenda na maji kwa sababu ya sentensi moja niliyoshindwa kuitamka mlangoni.

Basi letu lilikuwa pale pale kando ya kanisa, injini inanguruma, watu wote wamekaa. Dereva, mtu wa Newtown mwenye tumbo na maneno mengi, alituona kwa mbali akaanza kupunga kofia.

"Mlikuwa wapi nyie?" alipiga kelele. "Shangazi yenu yuko hapa tangu saa mbili kasorobo! Nimemwambia lazima niondoke, anakataa kutoa mguu!"

Na kweli. Yule mama alikuwa amesimama mlangoni mwa basi, mguu mmoja chini na mmoja kwenye ngazi, kofia ya kanisani kichwani, na kiondo changu mkononi. Alikuwa amepanda tramu ya asubuhi kuja hotelini wakati sisi tuko njiani kwenda kwake. Hotelini akaambiwa tumetoka, akaja kulizuia basi.

Aliponiona aliniita kwa neno moja alilofunzwa na wale askari, siwezi kuliandika, akalitamka kwa upole wake ule ule. Kisha akaninyooshea kiondo. Kilikuwa kizito. Nilipiga magoti pale pale kando ya gurudumu, nikaingiza mkono. Juu palikuwa na bahasha. Chini ya bahasha, mkate mkubwa mweusi uliofungwa kwa kitambaa cheupe, chupa ya jamu ya plamu, na mayai yaliyochemshwa. Na chini kabisa, kwenye kitako, palikuwa na hankachifu yangu na kitu kigumu ndani yake. Alikuwa ameirudisha mahali pale pale alipoikuta.

Nililia. Nililia bila haya, nikacheka, pua inatiririka, pasipoti nimeibana kifuani. Dada naye akaanza kulia na kunitukana kwa Kigujarati. Watu wote ndani ya basi walikuwa wamebandika nyuso kwenye vioo, na sikujali hata kidogo. Mwili wangu wote ulikuwa mwepesi, nikahisi nikiachiwa nitaelea.

Nilipoweza kusimama, nilimwambia yule mama kweli yote. Nilimweleza kwamba kwetu mwenyeji hurudisha kiondo, kwamba pasipoti niliikumbuka nikiwa bado mezani kwake, na kwamba niliona haya kuuliza. Aliketi kwenye ngazi ya basi kunisikiliza. Kisha akasema yake.

Jana yake, alisema, alikuwa amekwisha oka mkate, mkate mweusi wa mama yao wa nafaka iitwayo rai, ambao mdogo wake hawezi kuupata Birmingham. Alitaka kunipa nimpelekee. Aliona haya kumfanya mgeni mpagazi. Zaidi ya hapo, aliona haya ya ile miaka ishirini na zaidi. Alijua nikibeba mkate itabidi aniulize habari za mdogo wake, na hakujua aanzie wapi. Basi akatuuliza kuhusu mvua. Alikesha akikiangalia kiondo ukutani. Kulipokucha alishindwa, akaandika barua, akakiangua kiondo ili atie mkate, na alipoingiza mkono kupangusa kitako ndipo akagusa hankachifu.

"Ningekuomba jana," alisema, "ungepata pasipoti yako jana."

"Ningekuomba jana," nilisema, "mkate usingelala kwako."

Dada alifuta macho kwa pindo la sari. "Mficha uchi hazai," akasema. "Nyie wawili mngekufa wagumba."

Yule mama alitaka kujua amesema nini, nami nikamfasiria. Alicheka mpaka kofia ikamteleza.

Nilimwambia kiondo sasa ni chake, nampa kwa moyo wangu, nihamishe tu vitu kwenye mfuko mwingine. Alikataa. Alinifunga vidole kwenye mikanda ya ngozi. "Kipeleke na mkate," alisema. "Kisha mwambie akilete mwenyewe." Dereva akapiga honi. Huko Dover afisa alifungua pasipoti yangu, akaangalia muhuri, akaangalia macho yangu yaliyovimba, akaniruhusu nipite bila swali. Nilitamani kumshukuru kwa hotuba.

Jumanne saa moja kasorobo nilikuwa wodini. Jumatano nilifanya mtihani, na nadhani kila mfupa ulirudi mahali pake.

Bibi alikuwa amesharuhusiwa kwenda nyumbani, hivyo Alhamisi nilimpelekea kiondo Kingstanding. Alifungua kile kitambaa cheupe mezani. Hakuukata mkate. Aliuinua kwa mikono miwili akauweka usoni, na mimi nikaenda jikoni kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyahitaji. Niliporudi alikuwa amemaliza kusoma barua.

"Anasema kikapu nikipeleke mwenyewe," alisema. "Na hii nyonga?"

"Nyonga itazoea."

"Na nitakipeleka na nini ndani?"

"Chochote, bibi. Kisiende kitupu tu."

Kiangazi chote alijizoeza kutembea, fimbo mkono wa kulia na kiondo mkono wa kushoto, mwanzo kitupu, kisha na viazi viwili, kisha na vinne, mpaka kwenye kona ya barabara na kurudi. Majirani walidhani amerukwa na akili. Cheti changu kilitoka, na muhuri mwingine ukagongwa juu ya ule wa zamani, wa kazi safari hii. Septemba ni mimi niliyemsindikiza stesheni kupanda treni ya kwanza ya safari yake. Kiondo kilikuwa kimejaa: keki, chai, soksi alizofuma, picha za marehemu mumewe.

Kengele ilipolia nilimwomba nikishike kidogo. Niliingiza mkono, nikapita keki, nikapita soksi, mpaka kwenye kitako. Pasipoti yake ilikuwa humo, imefungwa ndani ya hankachifu.

"Wewe ndiye uliyesema huko ni salama," alisema.

Niliitoa, nikaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti lake, nikamfunga kifungo.